Cheti cha dawa kimeandikwa maziwa na nyama: kisa cha kituo cha afya cha Mound Bayou

Mwishoni mwa miaka ya 60 kulikuwa na kliniki moja huko Mississippi, Marekani, ambayo daktari akimpima mtoto akakuta ni utapiamlo alikuwa anachukua cheti cha dawa anaandika maziwa, mboga, nyama, kiasi gani na kwa watu wangapi nyumbani, mama anakipeleka kile cheti duka la vyakula anapewa vitu vyake, alafu mwenye duka anatuma bili kliniki na kliniki inalipa kutoka fungu la dawa. Ndo hivyo tu. Washington walipopata habari wakatuma mtu aje kuuliza inakuwaje pesa ya dawa inanunua maziwa, na daktari aliyekuwa anaongoza, Jack Geiger, akamwambia mara ya mwisho alipoangalia vitabu vyake vya tiba, dawa ya utapiamlo ilikuwa chakula. Jamaa akarudi alikotoka.

Watu wa afya ya jamii wanaipenda sana hii stori, inasimuliwa kwenye semina watu wanacheka, wanapiga makofi, wanaenda chai. Mi naona wanaishia njiani. Kwa sababu swali lenyewe halijaguswa bado, yule mtoto alikuwa na njaa kwa nini wakati amezaliwa kwenye ardhi yenye rutuba kuliko karibu ardhi yote ya Marekani? Na kama dawa ilijulikana ni chakula, kwa nini leo kliniki za aina ileile, na ziko nyingi sana, haziandiki chakula? Ukiifuata Mound Bayou kutoka mwanzo mpaka mwisho unapata jibu la kitu ambacho wahudumu wa afya tunakiona kila siku, watu wawili wanatibiwa na daktari yuleyule, dozi ileile, mmoja anapona na mwingine anarudi baada ya wiki tatu na ugonjwa uleule.

Tuanze na mji wenyewe. Mound Bayou iko kaunti ya Bolivar, kwenye eneo wanaloliita Delta, na usifikirie pale mto unapoingia baharini, hii Delta ni tambarare ya kaskazini magharibi mwa jimbo kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, udongo mweusi wa mafuriko, nchi ya pamba. Mwaka 1887 Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green, watu waliozaliwa utumwani, walianzisha pale mji wa watu weusi watupu, meya mweusi, maduka ya weusi, shule zao. Mwaka 1942 wakafungua hospitali yao, Taborian, iliyojengwa na jumuiya ya kusaidiana ambayo wanachama wake walikuwa wanatoa ada ndogo kwa mwaka na ukiugua unalazwa, yaani fikiria vyama vyetu vya kufa na kuzikana ila hiki kimeamua kushughulika na mtu kabla hajafa. Daktari mkuu wa upasuaji alikuwa T.R.M. Howard, tajiri na mwanaharakati, na kampuni yake ya bima ndo iliyomwajiri kijana Medgar Evers kabla hajawa jina kubwa kwenye harakati za haki za weusi.

Kwa hiyo usije ukadhani ni sehemu ambayo watu walikuwa wamekaa tu wanasubiri msaada. Walijipanga kuliko wengi. Ila ada ni ada, hata ikiwa ndogo, na nje ya mji, kwenye mashamba makubwa ya wazungu, kulikuwa na maelfu ya familia ambazo pesa mkononi zilikuwa haziioni mwaka mzima.

Hapa ndo inabidi tukae kidogo maana bila kuelewa ule mkataba wa shamba huelewi ugonjwa wowote wa pale. Familia nyeusi inalima pamba kwenye shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, nyumba wanayokaa ni ya mwenye shamba, mbegu wanakopeshwa na mwenye shamba, unga na mafuta wanakopa kwenye duka ambalo mara nyingi nalo ni la mwenye shamba, na mwisho wa msimu anayefanya hesabu ni mwenye shamba. Mara nyingi hesabu inatoka bado unadaiwa. Na ukijitia kimbelembele unatolewa kwenye nyumba, mfano ambao kila mtu anaujua ni Fannie Lou Hamer, kaunti ya jirani ya Sunflower, mwaka 1962 alienda kujaribu kujiandikisha kupiga kura na aliporudi akafukuzwa shambani alikokuwa amefanya kazi miaka 18. Sasa mtu wa hivyo ukimwambia aende kulalamika maji machafu, akalalamike kwa nani?

Alafu ukaja mwaka 1967, na huu mwaka una kejeli yake. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ikapanuliwa iwaguse na vibarua wa mashamba, dola moja kwa saa. Kwenye karatasi ni ushindi. Shambani wenye mashamba wakapiga hesabu, mashine ya kuvuna pamba ipo, dawa ya kuua magugu ipo, wakaachana na watu. Ile kazi ya kupalilia na kuchuma iliyokuwa inalisha familia, hata kama ni kwa madeni, ikaisha karibu kwa mkupuo, watu wakabaki kwenye vibanda vya mbao pembeni ya mashamba hawana kazi, hawana ardhi, hawana hata huyo wa kuwakopesha.

Na wakati huohuo serikali ikabadilisha msaada wa chakula. Kabla ya hapo kaunti zilikuwa zinagawa bure chakula cha ziada cha serikali, unga, mchele, maziwa ya unga, sio kitu cha kujivunia lakini tumbo linajaa. Sasa ikaletwa kuponi za chakula. Kuponi zilikuwa zinanunuliwa, unatoa pesa kidogo unapewa kuponi za thamani kubwa zaidi. Unaona tatizo? Mtu ambaye hana hata senti hawezi kununua nafuu. Aliyeandika ule utaratibu alikuwa ofisini na nina uhakika aliona ni wa haki kabisa, kila mtu achangie kidogo. Aprili 1967 seneta Robert Kennedy alienda Delta, akaingia kwenye vibanda mjini Cleveland, kilomita chache tu kutoka Mound Bayou, akakuta watoto wamevimba matumbo, habari ikaenda nchi nzima. Sharti la kununua kuponi lilikuja kufutwa na sheria ya mwaka 1977. Miaka kumi baadaye! Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja Kennedy alipopita alikuwa darasa la tano.

Hao ndo wagonjwa wa kliniki yetu.

Geiger mwenyewe alifika Mississippi mwaka 1964, ule msimu wa joto ambao vijana kutoka kaskazini walishuka kusaidia weusi kujiandikisha kura, yeye akiwa na kamati ya madaktari waliokuja kuwahudumia wanaharakati. Alichokiona kikamkumbusha kitu alichokuwa ameshakiona Afrika. Mwaka 1957, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikaa miezi kadhaa Afrika Kusini kwenye kituo cha afya cha Pholela, Natal, kilichoanzishwa mwaka 1940 na mtu na mke wake, Sidney na Emily Kark. Kule wakina Kark walikuwa na utaratibu ambao kwa wakati ule ulikuwa wa ajabu, wanapima kijiji kizima nyumba kwa nyumba, wanaajiri na kufundisha watu wa hapohapo, wanaanzisha bustani za mboga kwa sababu watoto walikuwa wanaugua kwa kukosa chakula na hakuna sindano ya kukosa chakula. Serikali ya ubaguzi ikakibana mpaka wakina Kark wakaondoka nchini. Kwa hiyo jamani siku ukimsikia mtaalamu anakuja na projekti ya kituo cha afya cha jamii kama wazo jipya kutoka Marekani, mwambie taratibu kwamba lilisafiri kutoka Natal kwenda Mississippi, na lilikuwa linafanyika kwa Wazulu kabla Wamarekani hawajalipa hela ya kulijaribu.

Hela ilitoka kwenye ofisi ya serikali kuu iliyokuwa inasimamia ule mpango wa rais Johnson wa kupiga vita umaskini. Kituo cha kwanza kikafunguliwa Boston, Columbia Point, Desemba 1965, cha vijijini kikapangwa Mound Bayou. Kilikuwa na kikwazo kimoja cha kisheria, gavana wa jimbo alikuwa na haki ya kuzuia pesa za ule mpango zisiingie jimboni kwake, na gavana wa Mississippi wa wakati ule alikuwa hana haraka ya kuona weusi wanapewa kliniki. Ila sheria ilikuwa na tundu, pesa ikipitia chuo kikuu gavana haigusi. Ndo maana kituo kilikuwa chini ya chuo kikuu cha Tufts ambacho kiko Massachusetts, jimbo la mji huohuo wa Boston, mbali huko kaskazini, Geiger na mwenzake Count Gibson walikuwa walimu wa pale. Hii ni sababu ya kwanza ya tofauti za afya ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha magonjwa, nani ana saini ya kuzuia pesa.

Kabla ya kliniki kufunguliwa mwaka 1967 alitangulia John Hatch, mtaalamu wa ustawi wa jamii, mweusi, mtu wa kusini mwenyewe. Akaanza kufanya mikutano kwenye makanisa na majumbani, anauliza watu wanataka nini. Na watu hawakusema madaktari. Walisema chakula, kazi, maji, nyumba, usafiri, shule za watoto. Matibabu yalikuwepo kwenye orodha lakini hayakuwa juu. Hapo wataalamu wengi wangesema hawa watu hawajaelimishwa kuhusu afya, tuwaletee semina. Hatch akasema hawa wanajua wanachoumwa. Kwenye ile mikutano zikatoka jumuiya kumi za afya za vijijini na ndo zilizokuwa zinaamua mambo pamoja na kituo, na mwanzoni kituo chenyewe kilikaa kwenye nyumba ya mchungaji wakati jengo linajengwa.

Kliniki ikafunguliwa, wagonjwa wakamiminika. Angalia sasa jinsi kila ugonjwa ulivyokuwa na mlango wa nyuma.

Watoto wanaharisha. Unamtibu mtoto, akiwa vibaya unamwekea dripu, anapona, anarudi nyumbani ambako maji ya kunywa yanachotwa kwenye mtaro wa shambani au kwenye pampu iliyo karibu na choo kibovu, na wengine walikuwa wanabebea maji kwenye mapipa yaliyokuwa na dawa za kunyunyizia pamba. Baada ya muda yuko tena kwenye benchi. Kituo kikaajiri mhandisi wa mazingira, Andrew James, na timu yake ikaanza kuchimba visima, kujenga vyoo vya shimo vya kueleweka, kuweka nyavu madirishani, kukarabati vibanda. Hebu fikiria ripoti ya mwezi ya kituo cha afya ina idadi ya visima. Kwangu ile ndo kazi ya maana kuliko zote walizofanya pale, lakini haisimuliwi kama ile ya cheti cha maziwa kwa sababu haichekeshi.

Wajawazito. Wengi walikuwa wanazalishwa nyumbani na wakunga wa jadi na hawajawahi kupimwa presha hata mara moja mpaka uchungu unaanza. Kituo kikaleta wakunga wenye mafunzo, mmoja wao mtawa, Sister Mary Stella Simpson, ambao walikuwa wanatoka kwenda nyumba kwa nyumba, na walichokutana nacho huko ndani, baridi, panya, sufuria tupu, kilikuwa hakitoki kwenye kadi ya kliniki hata uisome mara mia.

Presha na kisukari kwa watu wazima. Unamwambia mama apunguze chumvi na mafuta ya nguruwe, ale mboga na matunda. Chakula anachokipata ni kile cha bei rahisi kinachokaa bila friji. Akirudi presha iko juu vilevile daktari anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati ushauri. Haya maneno nayachukia, hata kwetu yapo, mgonjwa mkaidi, mgonjwa hazingatii, wakati ukikaa naye dakika kumi unagundua ushauri wenyewe ulikuwa wa mtu mwenye mshahara.

Usafiri. Eneo la kituo lilikuwa na watu kama 14,000 waliotawanyika kwenye mamia ya maili za mraba, hakuna basi, gari anayo jirani na anataka hela ya mafuta. Mgonjwa wa kwenda kliniki mara moja kwa mwezi anaonekana hajali kumbe ana nauli ya mara moja kwa miezi mitatu. Kituo kikaanzisha mabasi yake.

Alafu kuna la kuaminiana, na hili watu wanalipitia haraka. Narudi kwa Fannie Lou Hamer. Mwaka 1961 alienda hospitali kutolewa uvimbe mdogo, daktari mzungu akamtoa kizazi bila kumwambia wala kumwomba ruhusa. Aliishi na hilo na alilisema hadharani, na alisema hakuwa peke yake. Ukiwa mwanamke mweusi wa Delta na hadithi kama hiyo iko kwenye kila familia unayoijua, kuchelewa kwenda hospitali sio ujinga, ni tahadhari. Hamer alifariki mwaka 1977 palepale kwenye hospitali ya Mound Bayou, ana miaka 59, saratani ya matiti na presha. Mwanamke aliyesimama mbele ya kamera za taifa zima akafa kwa magonjwa ambayo yangewahiwa kifo kingeweza kusogezwa mbele. Dawa ya kutoaminiana kituo kilichoipata ni kuajiri watu wa hapohapo, wasaidizi, madereva, wauguzi, na kuwasomesha jioni. L.C. Dorsey alikuwa mtoto wa wakulima wa kugawana mavuno, akaingia kufanya kazi kwenye mambo ya kituo, akasoma mpaka shahada ya udaktari ya ustawi wa jamii, na miaka ya baadaye akarudi kuwa mkurugenzi wa kituo hichohicho.

Sasa tuje kwenye chakula maana vyeti vya maziwa vilikuwa kuzima moto tu na wenyewe walijua. Hatch na zile jumuiya za vijijini wakatafuta ardhi, wakaanzisha ushirika wa kilimo wa kaskazini mwa Bolivar, familia kama elfu moja hivi, wale wale vibarua waliofukuzwa na mashine, wanalima mbogamboga, kunde, maharage, viazi vitamu, unalipwa sehemu pesa sehemu chakula. Watu walikuwa wamelima pamba vizazi na vizazi kwenye udongo bora hivyo na hawajawahi kuruhusiwa kulima chakula cha kutosha juu yake. Shida ya lishe ya Delta haikuwa elimu ya lishe hata kidogo, ilikuwa hatimiliki. Hata benki waliisumbua, kituo kilikuwa na mishahara mingi ya kupitisha, wakaiambia benki sawa tunaleta pesa kwako ila fungua tawi Mound Bayou, ajiri weusi dirishani na utoe mikopo ya nyumba kwa weusi. Benki ikakubali. Kama hii ni tiba au sio tiba mtabishana wenyewe, ila mtu aliyepata mkopo akajenga nyumba yenye maji ya bomba alikuwa haonekani tena kwenye foleni ya kuharisha.

Nisije nikawauzia hadithi ya malaika. Wenye hospitali ya Taborian na hospitali nyingine ndogo ya pale mjini hawakufurahi kuona chuo cha wazungu kinaingia na mamilioni ya serikali kwenye mji uliojivunia kujitegemea tangu 1887, na walikuwa na hoja, kwamba hawa watu wa Boston siku wakichoka wataondoka na sisi tutabaki. Kulikuwa pia na utabaka wa ndani, wazee wa mji wenye nyumba nzuri na elimu kwa upande mmoja, na wale wa vibandani mashambani kwa upande mwingine, rangi moja lakini si sauti moja. Ugomvi wa nani anashika kituo, nani anaajiriwa, nani anakaa kwenye bodi, ulikula nguvu nyingi. Wanaoandika kuhusu jamii masikini wana tabia ya kuiandika kama vile ni mtu mmoja. Sio mtu mmoja. Kituo kikipokea amri kutoka kwa wenye sauti tu, tofauti za afya zinahamia ndani ya jamii yenyewe na mtu wa mwisho anabaki wa mwisho.

Na kilichomaliza hasa haikuwa ugomvi, ilikuwa mabadiliko ya pesa. Miaka ya 70 mwanzoni, wakati wa Nixon, ile ofisi ya kupiga vita umaskini ikawa inavunjwavunjwa na vituo vikahamishiwa wizara ya afya. Wizara ya afya inalipia nini? Matibabu. Mgonjwa kaonwa na daktari, weka namba, tuma bili. Kisima hakina namba ya bili. Basi la kubebea wagonjwa halina. Ushirika wa kilimo sio mgonjwa. Taratibu vile vitu vya pembeni, ambavyo kama umesoma mpaka hapa unajua havikuwa vya pembeni, vikakosa fungu vikafa kimoja kimoja, kliniki ikabaki kliniki. Hospitali ya Mound Bayou yenyewe ikafungwa mwaka 1983.

Kituo kipo mpaka leo. Kimekua, kina matawi kaunti za jirani, na mtindo wake umekuwa mtandao mkubwa, vituo kama 1,400 nchi nzima vinahudumia watu zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, karibu 9 kati ya 10 wana kipato chini ya mara mbili ya mstari wa umaskini. Sheria inataka zaidi ya nusu ya bodi wawe wagonjwa wa kituo na bei ipande na kushuka kwa kipato cha mtu. Ni kitu kikubwa, sikidharau. Ila ona kinapoishia. Mgonjwa wa Delta ambaye hana bima anaonwa pale kwa bei nafuu, anagundulika ana uvimbe au moyo una shida, anapewa rufaa kwa bingwa, na bingwa hana bei nafuu. Mississippi mpaka sasa ni kati ya majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kwa hiyo mtu mzima anayefanya vibarua na hana watoto wadogo anaweza akawa masikini kabisa na bado hana bima. Mlango wa kwanza uko wazi, wa pili umefungwa. Agosti 2025 idara ya afya ya jimbo ilitangaza dharura kwa sababu ya vifo vya watoto wachanga, 9.7 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2024, na wanaokufa zaidi ni weusi. Kwa nchi nzima vifo vya uzazi vya wanawake weusi mwaka 2023 vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, wazungu 14.5. Mara tatu na zaidi, mwaka 2023, sio 1967.

Kwa ndugu zetu Wakongo mliopelekwa Marekani kama wakimbizi hii sio historia ya watu wengine, wengi wenu vipimo vya kwanza mkifika mlifanyiwa kwenye hivihivi vituo. Mnajua wenyewe nafuu yake na mnajua kinapokwama, mkalimani wa Kiswahili yuko kwenye simu mstari unakatika, mtoto wa miaka 11 anaambiwa amtafsirie mama yake mambo ya kizazi, bima ya wakimbizi inaisha baada ya miezi kadhaa, miadi iko saa nne asubuhi na zamu ya kiwanda cha nyama inaanza alfajiri. Kituo kwa sheria kinatakiwa kikupe mkalimani bure, usikubali mtoto atumike, omba mpaka wakupe. Lakini ile zamu ya alfajiri daktari hana pa kuiandika.

Geiger alifariki Desemba 2020. Hatch alienda kufundisha afya ya umma chuo kikuu cha North Carolina, na ni jimbo hilohilo ambalo wakina Kark walipitia walipotoka Afrika Kusini. Mwaka 2022 North Carolina ikaanza majaribio, Medicaid ikaruhusiwa kulipia maboksi ya chakula, matengenezo ya nyumba, usafiri, kwa wagonjwa ambao hali yao inahitaji, kwa maana nyingine cheti cha maziwa kilirudi, safari hii kina namba ya bili. Tathmini ikaonyesha gharama za matibabu za waliohudumiwa zilishuka. Julai 2025 huduma zikasimamishwa, bunge la jimbo halikuzitengea fungu.